Chura Anayemwoteshea Mama Valeria Miti

Halfani Mtalika anasema aliona kwa macho yake mawili, na hataki mtu ampunguzie hata neno.

Anasema ilikuwa Januari ya mwaka jana, mvua imekatika alfajiri, naye anapita kwenye mahame kuelekea shamba lake la mihogo. Akamkuta jirani yake, Mama Valeria, amepiga magoti mbele ya mtungi, kichwa kimezama ndani mpaka mabegani, anaongea. "Samahani baba," anasema, "nyanyua mguu kidogo nifagie." Na ndani ya mtungi, anasema Halfani, sauti ikaitikia. Kisha chura akapanda ukingoni, akachuchumaa kama mtu mzima, akaangusha mti.

"Mti mzima, una majani mawili," anasema Halfani. "Kama nasema uongo, nyumba iniangukie mara ya pili."

Watu waliokaa barazani kwake wanacheka. Mama Valeria mwenyewe yupo hapo hapo, anachambua mbegu kwenye ungo, wala hainui kichwa. Halfani ni Myao, yeye ni Mmakonde, na utani kati yao haujawahi kupumzika.

"Iliyoitikia ni tumbo lako, Baba Sadallah," anamjibu. "Ulikuwa umetoka nyumbani bila uji."

"Na mti?"

"Kwenye mti hukukosea sana."

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Alhamisi, mwanzoni mwa mwaka 1977. Ukungu umelala juu ya uwanda wa Makonde, na mtu akisimama hatua ishirini mbele yako humwoni. Justina Nandonde, hilo ndilo jina la Mama Valeria kwenye daftari la kijiji, ametembea kilomita nne kutoka kijiji cha ujamaa cha Chitundumo, wilayani Newala. Khanga yake imelowa umande mpaka magotini. Mkononi ana kopo la maziwa, kitambaa cheupe na unyoya wa kuku.

Ana miaka arobaini na mitatu. Ni mtunza kitalu wa kijiji. Hapa mahame alipofika palikuwa nyumbani kwake mpaka Oktoba ya mwaka 1974, watu wa vitongoji walipohamia pamoja. Nyumba haipo tena. Yamebaki mafiga ya jiko, mkorosho mmoja, na mitungi tisa mikubwa iliyozikwa nusu ardhini, pale ulipokuwa ukingo wa paa. Nyuma ya mitungi kuna kichaka cha kama eka moja.

Anainama kwenye mtungi wa kwanza. Ndani kuna vyura watatu wadogo, kila mmoja hazidi kidole gumba. Wana rangi ya nyasi kavu, mapajani manjano, na kwenye ncha za vidole wana vitufe vya kushikia. Wamejibandika ukutani, miguu imekunjwa. Usiku walikuwa juu mitini. Sasa wamerudi kulala kwenye ubaridi wa udongo.

Mitungi imepata nyufa tangu iachwe, maji ya mvua hayakai; ndani, chini kabisa, kuna tope kidogo, na juu ya tope kuna mavi yao. Justina anayafagia kwa unyoya, taratibu, anayaweka kwenye kitambaa. Anakunja kitambaa, anakikamua kidogo, anakifungua. Zimebaki mbegu, ndogo kama ufuta, zinang'aa.

"Arobaini na nane," anasema. "Mtungi huu wa kwanza haujawahi kuniangusha."

Anakwenda haraka leo. Ana siku tatu. Jumatatu trekta linakuja kufyeka eka sitini za shamba jipya la mikorosho la kijiji, na kichaka hiki kimo ndani ya eka hizo.

Chura, watu wote wanajua, hula wadudu. Anakula nzi, anakula kumbikumbi, akipata panzi anashukuru. Chura wa Justina anakula hao pia, lakini anakula na matunda. Masika yakianza, ambayo huku ni Desemba, mti uitwao mkwindi unazaa vitunda vyekundu, vidogo kama punje ya kunde, na chura huyu anapanda kuvichuma.

"Hatupi ulimi kama anavyomtupia nzi," anaeleza Justina. "Anasogea, anakitazama. Anafungua mdomo, anakifunika. Kikimshinda anakisukuma kwa mkono, hivi, kama mtoto anayeshindilia tonge. Halafu anafumba macho ndipo anameza. Kila akimeza anafumba macho, kama mgonjwa anayemeza kwinini."

Mwenye kichwa kigumu atauliza, na iweje mtu mzima apoteze asubuhi zake kwa chura. Jibu liko kwenye nguzo za nyumba.

Chitundumo ina nyumba mia tatu na kumi na mbili. Zilijengwa kwa miezi miwili, kwa miti yoyote iliyopatikana karibu, maana mvua ilikuwa inakuja na watoto walikuwa nje. Mchwa hawakungoja. Mwaka haujaisha, nguzo zilikuwa zimeshakuwa unga ndani, nje zinaonekana nzima. Mpaka mwezi uliopita nyumba mia moja na arobaini zilikuwa zimebadilishwa nguzo, nyingine mara mbili. Ya Halfani iliangukia kitanda chake Februari iliyopita, saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa shambani. Ndiyo hiyo anayoiapia.

Mkwindi hauliwi na mchwa. Wazee wa uwanda huu walijua, na nyumba zao zilikaa miaka thelathini juu ya nguzo zile zile. Lakini mikwindi iliyokuwa karibu na kijiji iliisha katika ujenzi ule wa mwaka 1974. Na tangu zamani hakuna aliyewahi kuuotesha. Ukizika tunda lake linaoza. Ukikausha mbegu zinakufa. Watu walikuwa wanasema mkwindi unaota unapotaka wenyewe.

"Wenyewe wapi," anasema Justina. "Ulikuwa na mpanzi, ila hatukumtazama."

Namna alivyokuja kumtazama huyo mpanzi ni jambo la aibu kwake, na analisimulia bila kulipunguza.

Lori la kuwahamisha lilikuja siku moja tu. Dereva alisema vitu vya kuvunjika mtavirudia. Justina aliiacha mitungi tisa. Ilifinyangwa na marehemu mama yake, Bibi Julia, aliyejulikana kwa ufinyanzi mpaka kijiji cha sita kutoka kwao. Uwanda huu hauna mto wala kijito. Kabla ya bomba, mtu alishuka bondeni kwa saa tatu, akapanda kwa saa nne na ndoo kichwani. Mwanamke mwenye mitungi tisa chini ya paa la kukingia mvua alikuwa tajiri, na mtungi ukimpasukia masika watu walikwenda kumpa pole.

Bondeni penyewe palikuwa pabaya. Wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma mabomu yalitegwa mpaka upande huu. Mwaka 1971 mume wake, Selestini, aliteremka kwenda kuangalia mpunga wake, akakanyaga bomu. Alikaa hospitali ya Ndanda miezi mitano, akarudi na mguu mmoja. Tangu hapo ni Justina aliyeteka maji, aliyelima, aliyejenga.

"Nyumba ya kijijini niliisimamisha mimi," anasema.

"Mimi nilikuwa nasimamia," anadakia Selestini, ambaye anasuka mkeka mlangoni.

"Ulikuwa umekaa, Baba Valeria."

"Nilikuwa nasimamia nimekaa. Hata wakubwa wa serikali wanafanya hivyo."

Aprili ya mwaka 1975, mvua zikielekea kuisha, Justina alirudi mahame kuichimbua mitungi yake. Alipochungulia wa kwanza alirudi nyuma hatua moja. Ndani kulikuwa na miche. Miche ya kijani, mirefu kama kidole, imesimama kwenye tope mmoja baada ya mwingine. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Mitungi sita kati ya tisa ilikuwa imepandwa.

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Lakini kwa watu wa huku, kukuta kitu kimepandwa ndani ya mtungi wako wa maji ni habari nzito. Anayetaka nyumba yako ikauke anaanzia hapo. Justina hakugusa kitu. Alitazama chini, akaona nyayo za mtu kwenye mchanga, kubwa, zinaelekea kwenye shamba la mihogo. Akazitambua.

Akarudi kijijini moja kwa moja, akasimama mbele ya nyumba ya Halfani, akasema yote yaliyomjaa.

"Alisema nimempandia dawa!" Halfani anapiga makofi. "Mimi! Ambaye hata mchicha wangu hauoti!"

Kesi ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambrosi Chilumba. Watu wawili walitumwa mahame kuleta ushahidi. Walileta miche mitatu kwenye kipande cha kaniki, hawataki kuigusa kwa mkono. Mzee Ambrosi akaukamata mmoja, akaunusa, akavunja jani akalitafuna. Baraza lote likamkodolea macho kuona kama ataanguka.

"Huu ni mkwindi," akasema.

Watu wakaguna. Mzee akauliza, nani hapa amewahi kupanda mkwindi ukaota? Hakuna. Nani amewahi kumwona babu yake akipanda? Hakuna. Basi, akasema, kama Halfani ameweza, hafai kushtakiwa, inafaa apewe jembe la zawadi. Na kama hakuweza, Justina amemtukana bure.

Justina alitozwa kuku mmoja.

"Kuku nilimla mimi," anasema Halfani, "lakini kesi alishinda chura."

Kuku akaliwa, kesi ikaisha, watu wakarudi mashambani. Justina hakurudi. Anasema alilala siku mbili hana raha. Kama si Halfani, ni nani? Maana miche ilikuwepo. Siku ya tatu alikwenda mahame akakaa chini ya mkorosho tangu saa kumi jioni, hana jembe wala kisu, amekaa tu.

Alikaa hivyo jioni kumi na tatu. Kijijini wakasema Mama Valeria hana akili sawasawa tangu alipotozwa kuku.

"Jioni ya kwanza nilimwona chura akitoka mtungini, nikasema huyu si mwizi wangu," anakumbuka. "Ya pili nikamwona tena. Ya tano ndipo nikamfuata kwa macho mpaka juu ya tawi. Nikamwona anakamata tunda. Nikasema, amekosea. Atalitema. Hakulitema. Akachukua la pili."

Asubuhi yake akafagia mtungi.

Shule yake Justina iliishia darasa la nne, kwa masista, na hakuwahi kusoma habari za mbegu. Lakini alichofanya baada ya hapo ndicho kinachofanya watu wamtaje leo kutoka Masasi mpaka kingo za uwanda. Alichukua makopo mawili ya maziwa, akayajaza udongo ule ule. Kopo la kwanza akapanda mbegu mia alizozitoa kwenye matunda kwa mkono. La pili akapanda mia alizozitoa kwenye mavi ya chura. Akayamwagilia kwa kikombe kimoja, asubuhi na jioni.

Kopo la kwanza ziliota tatu. La pili ziliota themanini na moja.

Akarudia masika yaliyofuata, akidhani labda ni bahati. La kwanza, tano. La pili, sabini na tisa.

"Hapo sikulala kwa furaha," anasema. "Nilimwamsha Baba Valeria."

"Aliniamsha kuniambia mavi ya chura," anasema Selestini. "Nikasema, huyu mwanamke nimemwoa mwenyewe, sikulazimishwa."

Sasa kitalu cha Chitundumo kina miche ya mikorosho, michungwa na mipapai kama vitalu vingine, na mwisho wa safu, chini ya kivuli cha nyasi, kina mikwindi elfu mbili mia sita na arobaini kwenye vipande vya mianzi. Kiangazi Justina anateka ndoo arobaini kwa siku kuinywesha yote, na bomba liko umbali wa hatua mia mbili. Mikwindi ya kwanza, aliyoipandikiza mwaka jana kuzunguka uwanja wa shule, imefika kiunoni. Anaijua mmoja mmoja. Mtoto wa shule akivunja tawi, Justina anamfikisha kwa mwalimu mkuu.

Bwana shamba wa eneo hili anaitwa Ambakisye Mwaipaja. Ni kijana wa miaka ishirini na minane, ametoka Rungwe, na alipoletwa Newala alikuwa hajawahi kuona mkorosho. Anajifunza haraka na watu wanampenda. Mara ya kwanza Justina alipomweleza habari za chura, alitabasamu kwa adabu.

"Shikamoo Mama Valeria. Lakini kitabu kinasema chura hula wadudu."

"Marahaba mwanangu. Basi hicho kitabu hakijafika Chitundumo."

Hata hivyo Bwana Ambakisye alihesabu miche, akaiandika kwenye ripoti yake, akamletea Justina bomba la kunyunyizia na koleo jipya. Hakuandika chura. Aliandika "mbinu za kienyeji".

Shamba la mikorosho la eka sitini pia ni kazi yake, na ni kazi nzuri. Mpaka ulipimwa Agosti kwa kamba, kutoka barabarani mpaka ng'ambo ya mahame, umenyooka. Trekta la wilaya linakuja kwa zamu, likikaa kijijini siku nne tu kisha linakwenda kijiji kingine. Shamba likikosa zamu ya Jumatatu litangoja mwaka mzima. Hakuna Chitundumo asiyelitaka. Justina mwenyewe analitaka.

"Korosho ndiyo imemsomesha Valeria wangu mpaka leo anafundisha Lulindi," anasema. "Sina ugomvi na mkorosho. Mkorosho nitaupanda kwa mikono hii hii. Ninachosema ni kwamba kwenye kile kichaka kuna mikwindi mikubwa ishirini na mitatu, na ndiyo iliyobaki. Ikianguka, chura atakula nini? Na asipokula, mimi nitapanda nini?"

Kwenye mkutano wa kijiji wiki iliyopita alisema hivyo hivyo. Akashauriwa awahamishe vyura wake kitaluni, na mitungi pia. Ushauri ulitolewa kwa nia njema.

"Nilikwisha jaribu," aliwajibu. "Mwaka jana nilichukua kumi na mmoja. Niliwabeba kwenye kibuyu, nimewawekea majani mabichi. Nikawapa mtungi kitaluni, nikawapa na matunda. Siku ya tatu hayupo hata mmoja. Baba Valeria alimkuta wa mwisho anavuka barabara anarudi mahame." Kisha akaongeza: "Sisi tulipandishwa lori tukakaa. Yeye hakukaa."

Watu walicheka, wengine wakaangalia chini. Mmoja akauliza kwa nini asikusanye mbegu nyingi sasa, azitunze. Justina akasema mbegu ya mkwindi haimalizi wiki mbili nje ya udongo, na mtu akitaka kuhakikisha anakaribishwa kitaluni. Mzee Ambrosi alisema jambo limesikika, na kwamba mpaka wa shamba ni wa kitaalamu, hivyo mwenye neno ni bwana shamba. Bwana Ambakisye siku hiyo alikuwa Masasi.

Halfani ndiye aliyemfuata. Hili hapendi lisemwe, kwa sababu linamharibia utani. Alipanda baiskeli Ijumaa baada ya swala, kilomita kumi na saba, akamkuta bwana shamba nyumbani kwake, akamwambia njoo uone mwenyewe kabla hujafyeka, maana kama chura yule ni uongo basi mimi nina haki ya kuku wa pili.

"Umesema hivyo kweli?" Justina alimuuliza aliporudi.

"Nimesema. Na nyumba yangu ya tatu nataka nguzo ishirini. Usinipe za pembeni zilizopinda."

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro kumi asubuhi. Pikipiki ya bwana shamba imeachwa barabarani, kando ya mapipa mawili ya dizeli yaliyoshushwa jana. Bwana Ambakisye amesimama mbele ya mtungi wa nne, viatu vimejaa mchanga mwekundu, kofia mkononi. Justina yuko kando yake, Halfani nyuma. Wamekaa kimya karibu nusu saa. Wameambiwa wasikohoe.

Mvua imenyesha alfajiri, na vyura wamechelewa kurudi. Mmoja bado yuko kwenye tawi linaloning'inia juu ya mtungi, usawa wa kifua cha mtu. Mbele yake kuna shada la matunda matano.

Anasogea. Anatulia. Anasogea tena.

Anafungua mdomo, anafunika tunda, analivuta. Linakataa. Anapandisha mkono mmoja, analisukuma ndani. Anafumba macho.

"Ala!" anasema Bwana Ambakisye, kisha anajiziba mdomo.

Chura anafumbua macho, anachukua la pili.

Bwana shamba anatoa daftari mfukoni. Anaandika kwa muda mrefu, akiinua kichwa na kutazama, akiinamisha akiandika. Anauliza maswali, moja baada ya jingine, na Justina anayajibu yote. Matunda yanaanza lini? Wiki ya pili ya Desemba. Yanaisha lini? Mwisho wa Aprili. Chura mmoja anatoa mbegu ngapi? Kumi na mbili mpaka ishirini, akiwa mzima. Wako wangapi? Aliowahesabu kwa siku moja ni sitini na wanne. Mkwindi unachukua muda gani kufikia nguzo? Wazee wanasema miaka saba.

"Miaka saba," anarudia Bwana Ambakisye.

"Nimeshapiga hesabu," anasema Justina. Anasema kama mtu anayemweleza mgeni njia anayoijua. "Nyumba mia tatu na kumi na mbili, nguzo ishirini kila nyumba. Ni mikwindi elfu sita mia mbili na arobaini. Ninayo elfu mbili mia sita na arobaini. Nikiachiwa masika mawili, haya na yajayo, ninaitimiza yote, na ya kufidia itakayokufa ninaongeza. Mwaka 1985 hakuna mtu wa Chitundumo atakayeangukiwa na nyumba. Nitakuwa na miaka hamsini na moja. Sitakuwa mzee bado."

"Atakuwa mzee," anasema Halfani, "ila nyumba itakuwa nzima."

Bwana shamba anazunguka mitungi yote tisa, anachungulia kila mmoja. Anahesabu hatua kutoka mtungi wa mwisho mpaka mwisho wa kichaka, anarudi akihesabu tena. Anasimama akitazama kule kamba ya mpaka ilikopita, vigingi vya miti vilivyochongwa, kimoja baada ya kingine, vimenyooka mpaka barabarani.

Justina anamkaribia. Ameshika kitambaa chake, mbegu za leo zimo ndani.

"Bwana Shamba, nakuomba neno moja," anasema. "Jumatatu mwambie dereva aanzie kule barabarani. Alime eka zote. Akifika hapa kwenye mitungi azunguke, aache kichaka hiki peke yake. Eka moja katika sitini. Mimi nitakuja alfajiri nisimame hapa, nimwonyeshe pa kupita. Utamwambia?"

Bwana Ambakisye anavaa kofia. Anaivua tena. Anaangalia daftari lake, penye ramani ya shamba aliyoichora mwenyewe Agosti, na kidole chake kinapita juu ya mstari, kinafika kwenye kona ya mahame, kinasimama.

Ukungu umeanza kupanda. Huko barabarani mtu anagonga pipa la dizeli kupima kilichomo.

"Mwanangu," anasema Justina. "Utamwambia?"